Mombasa hadi Ziwa ya Eldoret: kilomita ngapi kwa ndege, na saa ngapi kwa kweli?

Tangu mwaka jana watu watatu wameniuliza swali hili hili, na wote wana ndugu au watoto huko bara. Kutoka Mombasa hadi Ziwa ya Eldoret ni mbali kiasi gani kwa ndege, na mtu atoke nyumbani saa ngapi ili afike saa ngapi? Nimeona niliandike mara moja ili anayelihitaji alipate hapa. Nina sababu yangu pia: mimi mwenyewe nililijibu vibaya siku ambayo jibu lilihitajika, na kwa jibu langu hilo watu walisimama kwenye matope na maiti akangojeshwa.

Kwanza tuelewane ni Ziwa ipi. Ukimwambia dereva wa tuktuk hapa Mombasa "nipeleke Ziwa", atakushusha Ziwa la Ng'ombe, kule Nyali, na hana kosa. Ziwa ninayoisema iko kaunti ya Uasin Gishu, upande wa Soy, kaskazini ya Eldoret, kwenye barabara inayotoka Eldoret kupitia huko kwenda Kitale. Ni sehemu ya mahindi, ngano na maziwa. Haina uwanja wa ndege. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "ndege ya Ziwa", anamaanisha ndege ya Eldoret, kisha gari.

Uwanja wa Eldoret wenyewe hauko mjini. Uko upande wa Kapseret, kusini ya mji, kama kilomita 16 kutoka katikati ya Eldoret. Ziwa iko upande wa pili, kilomita thelathini na kitu kutoka mjini. Maana yake ni kwamba abiria wa Ziwa akishuka kwenye ndege lazima aukate mji mzima wa Eldoret kutoka kusini kwenda kaskazini. Hilo usilisahau, litakuja kudai saa zake baadaye.

Umbali wa angani

Kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, hadi uwanja wa Eldoret, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 690 hivi. Kwa maili za kawaida ni 430 kasoro kidogo, na kwa maili za marubani na manahodha ni 372. Mtu yeyote anaweza kuihakikisha hesabu hii kwa mkono. Uwanja wa Mombasa uko kusini ya ikweta kwa nyuzi 4 na nukta kidogo, Eldoret uko kaskazini ya ikweta kwa nukta 4 za uzi mmoja. Tofauti ni nyuzi 4.4 kwenda kaskazini, na kwenda magharibi pia ni nyuzi 4.4, na huku kwetu karibu na ikweta kila uzi ni kilomita 111 hivi. Ukichora ni pembe tatu yenye pande mbili zinazokaribia kulingana, kila moja kama kilomita 490, na njia ya ndege ndiyo upande mrefu.

Ili upate picha: Mombasa hadi Lamu kwa ndege ni kilomita 245 hivi, na Mombasa hadi Unguja ni hizo hizo 245. Mombasa hadi Dar es Salaam ni 317. Kwa hivyo Eldoret ni zaidi ya mara mbili ya Dar, ingawa kwenda Eldoret huvuki mpaka wala hugongi pasipoti. Kwa wale wenye ndugu Uarabuni, Muscat hadi Dubai ni karibu kilomita 350, na Jeddah hadi Riyadh ni kama 850. Yaani Ziwa yetu iko kati ya safari hizo mbili za Asia kwa umbali. Lakini mtu wa Jeddah anafika Riyadh na kula chakula cha mchana kabla mtu wa Mombasa hajafika Ziwa, na sababu si umbali.

Jambo moja lilinishangaza nilipochukua ramani na rula. Nairobi iko juu ya mstari ule ule. Si karibu na mstari, ni juu yake hasa. Mombasa hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni kilomita 422, Jomo Kenyatta hadi Eldoret ni 268, na ukijumlisha unapata 690 ile ile. Mimi siku zote nilidhani kupitia Nairobi ni kuzunguka. Kumbe huzunguki hata kidogo. Unachopoteza ukibadilisha ndege Nairobi ni saa peke yake.

Ile "saa 1 dakika 22"

Ukiingia kwenye intaneti ukauliza Mombasa hadi Eldoret kwa ndege, kuna mitandao ya hesabu itakayokupa umbali na muda papo hapo. Mingi hukupa kitu kama saa 1 na dakika 22. Namba hiyo haikutoka kwenye ratiba ya ndege yoyote. Mashine huchukua umbali, ikaugawanya kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, mara nyingi kilomita 800 kwa saa, kisha ikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. 690 kwa 800 ni dakika 52, ongeza 30, unapata 82. Ni saa moja na dakika 22. Mashine haijui kama siku hiyo kuna ndege ya moja kwa moja au hakuna.

Tena ndege zinazofanya kazi kwenye njia hizi za ndani nyingi si jeti. Jambojet, kwa mfano, hutumia Dash 8-400, ndege ya mapanga mawili yenye viti 78, ambayo mwendo wake angani ni kilomita 650 kwa saa au zaidi kidogo. Kwa ndege hiyo, Mombasa hadi Eldoret bila kusimama ingekuwa kama saa moja u nusu ukihesabu kutoka inapoanza kutembea hadi inaposimama. Ukipitia Nairobi, kila kipande huandikwa karibu saa moja kwenye ratiba: Mombasa–Nairobi hukaa hewani dakika 45 hadi 55, na Nairobi–Eldoret ni dakika 40 hadi 50.

Onyo dogo kwa wazee wetu, na kwa vijana pia maana nimewaona wakikosea. Tiketi huandika 13:00 na maana yake ni saa saba mchana. Na "saa 1 dakika 22" ya mtandaoni ni muda wa safari, si saa ya kufika. Nimeshuhudia mama mmoja akiambiwa "ni saa moja na dakika ishirini" akaelewa mtoto atafika saa moja na dakika ishirini usiku, akaenda kupika.

Siku yenyewe

Dada yangu ameolewa Ziwa. Mumewe alikuwa mnunuzi wa mahindi, walijuana hapa Mombasa enzi akileta mizigo Kongowea. Mwaka jana mwezi wa Julai, saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini alfajiri, simu ikalia. Shemeji amefariki usiku. Waislamu kule si wengi, lakini wako, na wazee wao walikuwa wameshapanga: maiti aoshwe, na azikwe saa nne asubuhi.

Mimi nikiwa bado niko juu ya mswala nikafungua simu. Kilomita 690, saa 1 dakika 22. Nikamwambia dada, "Waambie wazee wanisubiri, kabla ya adhuhuri nitakuwa hapo." Nilisema kwa yakini kabisa. Na mimi ni mtu niliyesomea diploma ya uwakala wa forodha na usafirishaji, nikafanya kazi miaka bandarini. Hakuna anayejua kuniliko kwamba meli kutia nanga Kilindini si mzigo kufika dukani. Lakini siku ya msiba akili huenda pengine.

Siku ile hapakuwa na ndege ya moja kwa moja. Kiti nilichopata cha Nairobi kilikuwa saa tatu na dakika ishirini, na cha kutoka Nairobi kwenda Eldoret nilikikata mbali, kwa tiketi nyingine, saa saba mchana. Nilitoka nyumbani Mji wa Kale saa moja u nusu. Foleni ya Makupa ikanila. Ndege iliondoka saa nne badala ya saa tatu na ishirini, kuchelewa kwa kawaida tu. Nairobi nikashuka saa tano kasoro dakika tano. Hapo ndipo nilipotanabahi kwamba tiketi yangu ya pili haikuwa ya uwanja huo. Ilikuwa ya Wilson. Nikachukua teksi, nikafika Wilson saa sita.

Wakati huo dada ananipigia kila baada ya nusu saa. Wazee walikubali kusogeza hadi baada ya adhuhuri. Adhuhuri ikapita. Mvua ya Julai ya huko si mvua ya kwetu, ni baridi. Akawaomba tena. Mimi niko Wilson, nimekaa kwenye kiti, nasema "niko njiani", na huo ulikuwa ukweli, lakini ukweli usio na faida.

Eldoret nilitua saa nane kasoro dakika kumi. Saa nane na dakika kumi niko ndani ya gari, saa tisa kasoro dakika kumi niko mjini, Ziwa nikaingia saa tisa na dakika arubaini. Wazee walikuwa wamemzika saa nane u nusu. Walifanya sawa. Nilikuta majembe yameegemezwa ukutani yanachuruzika maji. Mzee mmoja akanishika mkono, hakunilaumu, akanionyesha kaburi, nikaswalia pale pale juu yake na watu wawili waliobaki. Maiti alingojeshwa saa nne na nusu kwa ajili yangu, na bado sikumuwahi.

Sasa hesabu ile safari. Kutoka mlango wangu hadi mlango wa dada ni saa nane na dakika kumi. Angani nilikaa saa moja na dakika arubaini na tano, viwanja viwili vya Nairobi pamoja na teksi kati yao vilikula saa mbili na dakika tano, na zilizobaki, saa nne na dakika ishirini, zilikuwa ni za kwenda uwanjani Mombasa, kungoja, na barabara ya Kapseret hadi Ziwa.

Ukipanga vizuri zaidi yangu

Safari hiyo inaweza kupunguzwa. Kama kuna ndege ya moja kwa moja siku yako, ichukue hata ikiwa nauli imezidi. Njia hizi huanzishwa na kusitishwa, kwa hivyo uliza wiki ile ile unayosafiri, usitegemee aliyekwenda mwaka jana. Ukiipata, mlango kwa mlango ni saa tano hadi sita: dakika 45 hadi saa nzima kufika uwanjani, saa moja u nusu kabla ya ndege, saa moja u nusu hewani, kisha saa moja u nusu hivi hadi Ziwa pamoja na kupitia mjini. Wa Likoni na pwani ya kusini sasa wana barabara ya Dongo Kundu, hawana haja ya kungoja feri.

Kama ni kupitia Nairobi, kata tiketi moja inayobeba vipande vyote viwili. Ukiwa na tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, jukumu la kukufikisha ni lao. Ukiwa na mbili, ya pili ikikuacha umeachwa. Na kabla hujalipa angalia jina la uwanja. Jambojet ya Eldoret huruka Jomo Kenyatta, lakini kuna mashirika mengine yanayoruka Wilson. Kati ya viwanja hivyo viwili barabara ya juu ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2022, inasaidia kipande cha njia tu. Weka saa tatu baina ya kushuka na kupaa ikiwa itabidi kuhama uwanja. Saa mbili ni bahati nasibu.

Reli nayo isidharauliwe. Madaraka Express, tangu ianze mwaka 2017, hukutoa Miritini hadi Syokimau kwa saa tano hadi sita, na ile ya usiku hukufikisha Nairobi kabla ya alfajiri. Ukiunganisha treni ya usiku na ndege ya asubuhi ya Eldoret, unaweza kuwa Ziwa kabla ya adhuhuri. Hilo ndilo ningefanya kama simu ingekuja magharibi badala ya alfajiri. Reli ya zamani ilifika Eldoret yenyewe tangu 1924, lakini hii mpya haijafika huko.

Kwa basi, Mombasa hadi Eldoret ni kilomita 800 hivi za barabara, na ukae tayari kwa saa kumi na nne hadi kumi na sita. Baada ya Nakuru unapita Salgaa, Mau Summit, Timboroa na Burnt Forest, na Timboroa usiku kuna ukungu ambao dereva wa Pwani hajauzoea. Kwa gari lako mwenyewe usijidanganye kwamba utaenda mwendo mmoja. Lala Nakuru.

Uwanja wa Eldoret ulifunguliwa 1997 na wengi wakati huo waliuliza kwa nini ujengwe. Una njia ya kurukia ya mita 3,500, ndefu kuliko ya Mombasa ambayo ni 3,350. Sababu moja ya urefu huo ni kimo. Mombasa uwanja uko mita 61 juu ya bahari, Eldoret ni zaidi ya mita 2,100. Hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya tano, na ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Nawe utaihisi hewa hiyo ukipanda ngazi. Beba sweta, na si la kubeba begani kwa mapambo. Mji wenyewe, ambao wenyeji wazee bado wanauita Sisibo kwa sababu ya ile shamba namba 64 ulipoanzia, ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na foleni zake sasa ni za jiji.

La swala: Ziwa ni safari bila shaka yoyote, imezidi mbali zile marhala mbili ambazo maulamaa wetu wa Kishafii huzikadiria kilomita themanini na kitu, kwa hivyo kupunguza na kukusanya kupo kwa masharti yake, waulize masheikh. Lakini saa ya simu yako usiiamini kwa nyakati za Mombasa. Jua la Eldoret liko nyuma ya letu. Adhuhuri huchelewa kwa dakika 17 mwaka mzima. Magharibi hubadilika na majira: Juni tofauti hufika kama dakika 25, Disemba hushuka hadi kama 9. Aliyefunga akashuka Eldoret asifuturu kwa adhana ya redio ya Mombasa. Na kibla pia. Hapa Mombasa tunaelekea kaskazini sawasawa, maana Makka iko karibu juu yetu kabisa kwenye ramani. Ukifika Ziwa geuka kidogo kulia kwa kaskazini, kama nyuzi 12 upande wa mashariki. Mimi siku ile nilielekezwa na yule mzee.

Kwa wenye msiba nina neno moja tu, na si fatwa. Ukipigiwa simu kutoka bara, usitoe saa ya kufika mpaka uwe umeshika tiketi ya kipande cha mwisho. Na ukishaishika, chukua saa ya kutua Eldoret, ongeza saa mbili, hiyo ndiyo uwaambie. Kama hiyo imepita saa waliyopanga, waambie wazike.

Mwezi uliofuata mama alitaka kwenda kumuona mwanawe kabla hajatoka eda. Ana miaka sabini na minne, na alikuwa ameshaambiwa na mjukuu wake kwamba ni saa moja na dakika ishirini na mbili. Nilimkatia tiketi moja, uwanja mmoja, ndege ya asubuhi, nikamwambia dada atamuona saa tisa alasiri. Alibisha mlango saa tisa kasoro robo, amevaa sweta mbili.